Sifuri ya Primitiva

Kipimajoto hakioshwi kama kijiko.
Hilo aliniambia siku ya kwanza, kabla hata ya jina lake:
sindano sabuni, sindano maji, sindano spiriti,
uso wa kioo kitambaa chenye unyevu, basi.
Ukikizamisha, ukungu huingia ndani
na mshale hubaki kama mtu aliyelala na viatu.

Mimi nimetoka Montero, bondeni,
kwenye miwa na mbu na maji yanayochemka kama maji.
Nilikuwa na cheti, kimegongwa muhuri mara mbili.
Jumatatu ya pili, jikoni mwa hospitali, El Alto,
saa kumi na moja alfajiri, vioo vya madirisha vimeganda,
nikatumbukiza sindano kwenye sufuria inayotokota:
themanini na saba.
Nikangoja. Mapovu yanapasuka, mvuke unanilowesha nyusi,
themanini na saba.
Nikakiambia, wewe mwongo.
Nikashika spana, nikaizungusha nati chini ya uso
hadi mshale ukakaa juu ya mia, mtiifu,
nikapiga mluzi.

Saa tano mapaja ya kuku yalisoma sabini na nne.
Nikaandika sabini na nne, nikatia sahihi.
Trei arobaini kwenye toroli, wodi ya watoto.
Primitiva Tarqui, shali kiunoni, vidole vyekundu kwa sabuni,
hakuisoma karatasi.
Alichukua paja moja, akalipasua hadi mfupani.
Nyama bado ya waridi.

Hakufoka. Afadhali angefoka.
Alirudisha toroli nyuma kwa nyonga,
akaponda barafu kwa nyundo ya nyama,
akajaza gilasi, maji kidogo tu ya kuziba mianya,
akasimamisha sindano katikati, isiguse kitako wala ukingo.
"Hesabu."
Nikahesabu kwa sauti, kama mtoto wa chekechea,
hadi mshale ulipoacha kutetemeka
kwenye kumi na tatu.
Barafu, digrii kumi na tatu!
Nilicheka, kisha sikucheka.

"Huku tuko juu," akasema, akiirudisha nati polepole,
"hewa nyepesi, haiyabani maji, nayo hukurupuka mapema.
Usiuulize moto, moto hufuata mlima.
Iulize barafu. Ni sifuri kwenu, ni sifuri hapa,
ni sifuri hata kwa askofu."

Kuku walirudi ovenini. Watoto walikula saa saba, wakinung'unika.

Mwaka wa sita sasa. Yeye amestaafu, anauza nyuzi za sufu,
akipita hunusa mikono yangu, basi.
Naponda barafu kabla sijavua koti.
Kutoka kuku mbichi hadi supu ya chunyo,
vile viazi vyeusi vilivyokaushwa na baridi,
sabuni, maji, spiriti, nangoja ikauke.
Kikidondoka sakafuni, barafu tena,
hata kama hakuna aliyeona.
Na ala yake naisugua ndani kwa brashi ya chupa;
watu huosha upanga, wakaurudisha kwenye ala chafu.

Ile karatasi hakuichana.
Ipo kwenye droo, chini ya spana:
sabini na nne yangu, kwa wino, na sahihi yenye mkia mrefu,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo wa Primitiva:
sitini na moja.