Msumari wa Juu

Jumatatu asubuhi, kabla sijamwagia maji vumbi la uwanjani,
mtendaji wa mtaa alikuja na nyundo ya kuazima.
Misumari minne. Kibao cheupe, herufi nyekundu:
MARUFUKU KUVUTA SIGARA NDANI YA BAA HII.
Mama Nyanzobe akasoma mara mbili, akauliza:
"Na ukuta wangu uliotobolewa, nani analipa?"

Hayo ndiyo yalikuwa maoni ya kwanza hapa Kirumba.

Ya pili yalikuja saa kumi na moja jioni
na Lugembe, mchomelea vyuma, macho mekundu kama kawaida.
Akakaa kiti chake, akatoa pakiti, akaitazama,
akairudisha mfukoni kama mtu aliyekutwa msibani akicheka.
"Mchana kutwa navuta chuma," akasema,
"hakuna aliyeniletea kibao.
Leo nusu sigara ya jioni ndiyo itaniua?"
Watu wakapiga meza. Hata mimi nilicheka kidogo,
halafu nikakohoa,
na hakuna aliyegeuka, maana kikohozi changu
humu ndani ni kama feni: kipo, kinazunguka.

Mwalimu Tungaraza, mstaafu, asiyevuta,
aliagiza bia ya pili, jambo ambalo si desturi yake,
akatangaza kwamba miaka ishirini mkewe anamfulia mashati
akimlaumu kwa dhambi za wenzake.
"Iacheni serikali ifanye kazi."
"Ilete maji Mabatini kwanza," akajibiwa toka kona,
na mjadala ukahamia kwenye maji,
ukapitia bei ya sato, ukaingia kwenye mpira,
ukarudi umechoka.

Bugingo wa dagaa alikuja na ujanja:
"Kimesema ndani. Mguu mmoja ukiwa nje, mimi ni wa wapi?"
Akasimama kizingitini usiku kucha,
bia ndani, sigara nje,
ameziba njia kama mlango wa pili,
nami na trei yangu: samahani, samahani, samahani shemeji.
Waliobaki wakajibana upenuni kwa Kadogo wa mishkaki.
Kadogo akapepea mkaa, wingu likaja moja kwa moja kaunta.
"Na huu je?"
"Huu una nyama," akasema. "Sheria haijautaja."

Alhamisi ziwa nalo likafanya mambo yake.
Vile vijidudu vikapanda kutoka majini,
nguzo nyeusi, ndefu, zikipinda juu ya mawe ya Bwiru,
kana kwamba kuna mtu amelala chali huko chini
anavuta, anapuliza, hana haraka.
Lugembe akapaza sauti katikati ya mabawa:
"Mtendaji! Njoo uliandikie ziwa faini!"
Hapo hata mwalimu alitoka nje kutazama.

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Miaka kumi na mmoja nabeba chupa hapa,
sijawahi kununua hata sigara moja,
lakini nimevuta za Lugembe, nimevuta za Bugingo,
za madereva wa malori ya Sirari, za marehemu Ng'wandu
aliyekuwa akinipulizia usoni akidhani ni mapenzi.
Mwaka jana nesi aliniuliza, "Unavuta?"
Nikasema hapana. Akaandika hapana.
Akasikiliza kifua tena,
akanitazama kama mwongo.

Visahani vya majivu nimeviosha, kumi na viwili, viko rafuni.
Kimoja nimekibakiza kaunta, cha bakshishi.
Wiki hii kina shilingi mia saba na kizibo.
Nywele zangu zilinukia sabuni mpaka saa sita usiku,
nikawa najinusa njiani
kama niliyevaa gauni la mtu.

Leo msumari mmoja wa juu umelegea, kibao kimeinama.
Mama Nyanzobe amekiona, hajasema kitu.
Lugembe amekiona.
Nimevua kiatu,
nikapanda juu ya kreti,
nikaugonga kwa kisigino.