Neno la Kukumbusha

Usiku, Cimpunda. Umeme umetuonea huruma:
saa mbili, na moja imekwisha.
Kompyuta nimeiweka juu ya cherehani ya mama,
nafasi nyingine hakuna.

Programu ni ya wadai watatu:
Mama Ntakwinja na duka lake la dawa,
Cikuru na kinu cha mihogo,
Nshobole wa saluni, mwenye wateja wa "nitaleta kesho".
Klasi tatu. Ndani ya kila moja
nilikuwa nimenakili mistari ileile kumi na minne:
andika deni, punguza deni, kumbusha.

Jumanne nilisahihisha kosa kwenye dawa,
nikasahau kinu.
Asubuhi kinu kikamwandikia mjane wa Nyamugo,
aliyekwisha kulipa: Leta pesa.
Alikuja na risiti. Hakukaa.

Basi leo naikata ile mistari,
naiweka peke yake, naiita Deni.
Moduli. Nikajaribu kuizalisha, kwa ubishi tu.
Rubi ikakataa: huyu hana mwili.
Hafungui duka, hana meza sokoni,
ana ujuzi tu, anangoja kukaribishwa.
Mstari mmoja wa karibu kwa kila klasi,
na kinu, kisichofunzwa kitu,
kinajua kukumbusha.

Klasi ina mzazi mmoja, ndiyo sheria.
Hata mimi: kwenye kadi yangu kuna Nabintu,
mwenye cherehani hii.
Lakini kugawa mkate kwa watu tisa
nilikutoa kwa jirani asiye na mtoto,
na kuhesabu faranga gizani, kwa ncha ya kidole,
kwa msichana wa foleni ya maji
ambaye jina lake sikuwahi kuuliza.
Hawakunizaa.
Nikiitwa, wanaitika.

Kisha moduli ya pili, Heshima.
Nayo ina kumbusha yake. Nani aseme?
Aliyekaribishwa mwisho hujibu kwanza.
Naiandika Heshima chini ya Deni:
ianze, "Habari ya nyumbani, watoto wameamkaje?"
halafu impishe aliye nyuma yake
ataje kiasi.

Najaribu kwa jina la mjane. Salio, sifuri.
Heshima inasalimu.
Deni linanyamaza.
Nahifadhi, betri ikiwa tisa kwa mia,
na mtaa wote unazimika.

Samahani sijaiandikia moduli.
Kesho nitakwenda Nyamugo kwa miguu.