Kulipia Hewa

Bwana Terpstra wa kampuni ya mizigo
alivua viatu mlangoni, akapanda ngazi hadi darini,
akatoa futi yake ya chuma, akasimama mbele ya kasri.
"Si zito," alisema. "Lakini mimi natoza kwa ujazo.
Humu ndani ni hewa tu, bibi.
Mtalipia hewa kutoka Leeuwarden mpaka Dunedin."

Asiyeziba ufa hujenga ukuta.
Asiye na nauli huubomoa.

Sjoerd akaanza Jumatatu, baada ya chakula cha jioni.
Vitofali vya plastiki, miaka thelathini na moja ya vitofali:
kituo cha treni chenye saa isiyokwenda,
daraja la kuinuka, mnara ulioinama makusudi
kama ule wa mjini kwetu,
na meli ya kuvunja barafu ambayo hakuimaliza
kwa kukosa vipande tisa vya rangi ya machungwa.
Vilivyogoma kuachana alivitenganisha kwa meno.
Nilimwambia ana miaka hamsini na mbili na jino la bandia.
Hakunijibu. Usiku kucha darini kulinyesha mvua ya mawe,
kitofali juu ya kitofali, ndani ya beseni la nguo.

Ni mimi niliyepata kazi ng'ambo. Hilo hatukulisema.
Mimi nilikuwa na masanduku mawili na stetoskopu.

Alipima kwa mizani ya jikoni, mfuko kwa mfuko:
vyeupe kilo kumi na tisa, vyekundu kumi na nne,
magurudumu, madirisha,
"sijui hiki ni nini", kilo mbili na robo.
Fomu ya forodha iliuliza: idadi ya vitu?
Akaandika: Vingi. Akafuta. Akaandika: Kimoja.

Kwenye rafu ya chini kilibaki kibanda
alichokijenga Jelmer akiwa na miaka minne,
kuta za kila rangi, paa tambarare, mlango hakuna.
Siku ile nilimuuliza, watu wako wataingiaje?
Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.
"Wameshaingia."
Sjoerd alikishika, akakitikisa. Kitu kikacheza ndani.
Akakizungushia taulo, kizima, na hewa yake.
Tukailipia.

Wiki tisa baharini.
Mkaguzi bandarini aliitwa Mereana,
glavu za buluu, sauti ya mwalimu wa chekechea.
Alipitisha mifuko sitini bila neno,
akakwangua udongo mkavu chini ya bamba la kijani
(bustani yetu, punje tatu za bustani yetu),
kisha akafika kwenye taulo. Akatikisa. Akasikiliza.
"Ndani mna nini?"
Sjoerd akanitazama. Mimi nikamtazama Jelmer,
miaka kumi na saba, ndevu za kwanza, nyaya za muziki masikioni,
ambaye safari nzima hakutaka kuulizwa lolote.
Akazichomoa. Akang'oa paa kwa ukucha wa dole gumba,
mara moja tu, tak,
kama mtu anayejua alikoacha ufunguo.

Maharagwe matatu.
Makavu, kila moja na macho mawili ya kalamu,
na lile kubwa limevaa miwani.

Mereana hakucheka, ingawa alitaka.
"Samahani. Mbegu haziingii nchi hii."
Akatutia sote watatu kwenye kifuko cha plastiki,
akakifunga, akaandika namba na tarehe,
akampa Sjoerd karatasi ya kutia saini.
Alisaini polepole, akiwa amevua miwani.

Sasa ni Julai, na Julai ya huku ni baridi.
Nyumba inanuka rangi mpya.
Mfuko wa sitini na moja haujaonekana.
Jana usiku nilikwenda kunywa maji gizani,
nikakanyaga kitofali, nikalaani kwa Kifrisia,
na kutoka vyumba viwili tofauti
wakauliza kwa pamoja:
"Rangi gani?"