Hapo Uliposhuka

Wamekuja kuazima shati la baba.
Si lile la kwenye picha, nikawaambia,
lile la kwenye picha naye aliliazima.
Nikawapa la kijani, lenye doa la wino mfukoni,
linanuka naftalini
na kwa mbali, ukilisogeza puani, yeye.

Fundi wa Msimbazi ameachia mishono yote
na bado halimtoshi kijana wao.
Hemedi ana mabega ya kupakulia meli;
baba alikuwa mtu wa kukaa kitini
miguu isifike chini.

Ukumbi uko Upanga. Feni tatu, moja inazunguka.
Nimepewa kiti cha mbele na chupa ya maji
kama mgeni wa heshima, au kama shahidi.
Mwongozaji, Bwana Mwinyikondo, anapiga makofi mawili:
"Onyesho la nne! Usiku wa wimbo!"
Taa inageuka buluu. Karatasi nyeupe, kalamu.
Hemedi anashika paji la uso, anatazama dari,
na wimbo mzima unamshukia
kwa dakika mbili na nusu.

Usiku mmoja?
Miezi kumi na mmoja, mwanangu.
Alikuwa karani wa stoo bandarini,
akiandika do-re-mi nyuma ya stakabadhi za saruji:
mifuko mia nne imepokelewa, kumi na miwili imepasuka,
na ukigeuza, so, so, la, so,
kisha mkato wa hasira uliotoboa karatasi.
Mwezi wa tano alikwama.
Mwezi wa saba mimi nikaugua surua.
Mwezi wa nane Keko nzima haikuwa na sabuni,
naye akasema basi, hatungi tena, atafuga kuku.

Ndipo mama, uani, anapepeta mchele.
Ungo unakwenda chwa, chwa,
naye anaimba mdomo umefumbwa,
hata si wimbo,
ni sauti ya mtu asiyejua kwamba anasikika.
Baba akatoka, kandambili mguu mmoja.
"Rudia hapo."
"Wapi?"
"Hapo uliposhuka."
Mama hakujua aliposhuka.
Wakapatafuta wote wawili mpaka jiko likazimika.

Mistari mitatu ile, ambayo redio huipiga
kabla ya taarifa ya habari,
ambayo shule nzima huisimamia juani,
ni pumzi ya mama na pumba za mchele.

Nilimwambia mwongozaji. Alisikiliza vizuri,
hata akaandika. Akasema, "Dada Filomena, inagusa,
lakini mchezo una saa moja na dakika arobaini
na wafadhili wameshausoma."
Katika mchezo mama ana sentensi mbili:
*Chai yako hii.*
*Utalala saa ngapi?*

Sikugomba. Shati lilikwisha fumuliwa.

Ila yule binti anayemwigiza mama, Nyamizi,
nilimkuta ngazini anakula mihogo ya kukaanga,
akanisogezea pilipili, akauliza tu,
"Alikuwa akishukaje?"
Sauti yangu ni ya geti lililokosa grisi.
Nikamwimbia hivyo hivyo, vibaya, mara nne,
mlinzi akitutazama.

Usiku wa kwanza. Wakubwa safu ya mbele,
hotuba tatu, ya pili ikakatwa na umeme,
jenereta likakohoa kama baba
kabla hajainua mikono mbele ya kwaya.
Onyesho la nne. Buluu.
Hemedi kichwa mikononi, shati limembana.
"Chai yako hii."
Kikombe kinagusa sahani.
Nyamizi anaondoka, anafika kwenye pazia,
na pale, mgongo ametupa,
anafumba mdomo na kushuka.

Haimo kwenye maandishi.
Hemedi anainua kichwa, na hilo si igizo:
kalamu imemwanguka na haiokoti.

Nyuma yangu mtu anaanza kusimama,
kama tunavyosimama sote tukisikia pale,
kisha anabaki nusu, mkono kwenye kiti,
hana hakika kama umeanza.