Kitabu cha Zamu

Wiki hii zamu ni yangu.
Saa kumi na mbili na nusu nipo getini, Buza,
viatu vina tope la jana,
nawahesabu wanaochelewa, nao wananihesabu
mimi niliyechelewa Jumanne.

Kitabu cha zamu kina safu nne:
mahudhurio, usafi, matukio, maoni ya mwalimu.
Ya matukio ndiyo nyembamba kuliko zote,
upana wa vidole viwili.
Aliyepiga rula ile hajawahi kushika zamu hapa.

Jumatatu, Kidato cha Kwanza C,
wanafunzi sabini na wanane, vitabu sita,
kimoja hakina jalada.
Nikaandika ubaoni: Vyanzo vya Historia.
Nikasema, kesho kila mtu alete kitu cha kwao
kinachokumbuka.
"Kinachokumbuka nini, madam?"
Chochote. Ila mjue tarehe yake.
Chanzo kisicho na tarehe ni takataka.
Nilisema hivyo, na kwa sauti.

Wakaleta.
Mbonea, glavu ya babu yake wa kiwanda cha nguo,
kidole gumba kimetoboka.
Nyamizi, risiti ya luku
ya usiku aliozaliwa mdogo wake:
umeme ulikatika kabla mtoto hajalia,
baba akakimbilia dukani badala ya kwa mkunga.
Darasa likacheka mpaka jirani wakagonga ukuta.
Chaupele, ufunguo. Kufuli hajui liko wapi.
Tumsifu, sufuria; alipokwisha kueleza
akaomba ruhusa airudishe mapema,
kwao ni hiyohiyo.

Pazi akaleta kipande cha lipu
ukubwa wa andazi,
juu yake mstari wa rangi nyekundu.
"Nusu ya X," alisema.
"Nusu nyingine imebaki ukutani."

Tarehe?

Akatazama dirishani, kule greda linakonguruma
tangu mwezi wa tano.
"Bado, madam. Hawajatuambia."

Nikampa sita kwa kumi.
Kanuni ni kanuni.

Jumatano chaki ziliisha.
Mkuu wa shule kasafiri na ufunguo wa stoo
(nikamwazima Chaupele wake, tukajaribu, tukacheka).
Alhamisi sikumbuki.
Nilisahihisha. Maji hayakutoka.
Mtu aliandika kwamba wajibu wa raia
ni kuhama kwa wakati,
nikaweka vema, mkono ukaenda wenyewe,
nikarudi kuutazama ule mkono.

Ijumaa, saa moja, naita majina.
Pazi Mwinshehe.
Pazi Mwinshehe.
Sauti kutoka nyuma, taratibu,
kama ya mtu anayejibu swali la mtihani:
"Leo ndiyo tarehe, madam."

Kipande chake kilikuwa mezani kwangu,
kimekandamiza karatasi.
Nikakigeuza. Upande wa mchanga
nikaandika kwa kalamu ya kusahihishia
siku, mwezi, mwaka.
Lipu ikanywa wino.
Nikaandika tena, nikikandamiza.
Wao kimya, sabini na saba,
wananakili, sijui nini,
ubaoni sikuwa nimeandika kitu.

Sasa ni saa tisa, kitabu kinangoja saini.
Mahudhurio: pungufu mmoja.
Usafi: unaridhisha.
Matukio:

nimeweka ncha ya kalamu, sijaiondoa,
na wino mwekundu umeshavuka mstari
unaingia safu ya maoni.