Karani wa Mizani

Kazi yangu, kule Pongwe, ni kupima malori ya saruji.
Dereva anashuka, anaapa kwa mama yake,
mimi natazama namba.
Namba haina mama.

Kwa hiyo sijui kilichonipata siku ile Chumbageni
mbele ya pikipiki ya bluu ya daktari anayehama:
kioo cha upepo, mikoba miwili ubavuni,
tangi limebonyea pale magoti yanapokaa
kana kwamba mtu alikuja usiku akanipima.
"Jaribu kukaa," akasema daktari. Nikakaa.
Hapo ndipo biashara huharibika.

Nina safari, si anasa. Kila Ijumaa ya pili
naenda Soni, kwa mume wangu anayefundisha hesabu.
Muheza, Segera, Korogwe, Mombo,
kisha zile kona ambazo kipikipiki changu
huzipanda kikikohoa kama mvuta tumbaku,
nami nafika na kiuno cha mtu mwingine.

Nikaipeleka kwa fundi Mhando, Barabara ya Kumi na Sita.
Rangi hakuitazama. Alichuchumaa,
akapitisha kidole kwenye cheni, akakinusa.
"Huyu kumvua nguo tu ni nusu siku.
Plastiki, tangi, rejeta, ndipo uzione vali.
Vali kumi na sita. Na spea zake
nchi hii hazijai kiganja."

Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika bei,
mstari mmoja, nikaupigia mstari chini.
"Hiyo ni mahari," akasema. "Sasa andika ndoa."

Tairi la nyuma, kila mwaka moja, nalo linatoka Dar
likiwa na nauli yake kama abiria.
Cheni na sproketi, maana chumvi ya Raskazone
haibishi hodi.
Oili, lita nne. Pedi za breki, seti tatu.
Na kitu alichokiita "hujui":
kiandikie laki tatu, akasema, na usikiguse,
kitakuja chenyewe kuzichukua.

Ya kijivu ilikuwa Makorora, kwa Bi Tunu,
chini ya turubai, mumewe haoni tena barabara.
Uso kama friji. Kiti kimeshonwa kwa uzi wa kamba ya mkonge.
Lakini haina cheni, ni shafti,
oili yake ya nyuma ni glasi moja ya chai,
na vali zimetokeza nje kama masikio ya mbuzi,
unazifikia ukiwa umekaa kwenye ndoo.

Niliipandisha kwenye mizani yangu usiku, foleni ilipokwisha.
Kilo mia mbili na themanini,
au mia tatu: mizani ya malori
haijali vitu vidogo, inaruka ishirini ishirini.
Mlinzi Kiluwa alicheka mpaka akakaa chini.

Nikajumlisha. Nikatoa.
Tofauti ya mwaka, laki tisa.
Nikagawa kwa safari ishirini na sita:
elfu thelathini na nne na ushee, kila safari,
ili nipendeze mbele ya wauza machungwa wa Muheza.

Nikampigia mume wangu, nikamsomea ukurasa mzima.
Akanyamaza, nikasikia chaki ikiwekwa chini.
"Hesabu ni sahihi," akasema.
Kisha, "Ya bluu ilikuwa bluu gani?"
Nikasema simu inakata.

Nimeinunua ya kijivu. Inakwenda.
Kona za Soni inazichukua polepole na kwa uhakika,
kama mama mkwe anayejua nyumba ni yake,
na kiuno ninachofika nacho ni changu.
Mhando ameshaidai glasi yake ya oili, na ya kwake ya chai.

Daftari liko sawa, kila safu imefungwa.
Ila nikiwa na shughuli hospitali ya Bombo
nazunguka njia ndefu,
nisipite lango la daktari,
na petroli ya mzunguko huo
sijaiandika.