Zamu ya Maji

Baba hakuacha wasia mrefu.
Aliacha miwani, deni la riali nne kwa muuza barafu,
na zamu ya maji ya falaji, usiku wa Jumanne,
nusu saa, kabla ya alfajiri.

Harub bin Zahor, wa Wete kwa kuzaliwa,
wa Sumail kwa mitende sita na mndimu mmoja.
Kule aliitwa Mmanga, huku Mzinjibari.
"Majina mawili," alisema, "mshahara mmoja,"
akacheka peke yake, akazima redio.

Redio alizijua.
Miaka mitano kwenye majabali ya Dhofar
alibeba moja mgongoni kama mtoto mgonjwa,
akiita majina gizani, akingoja kila mmoja aseme: hadhir.
Harifu ikishuka, alituambia, ukungu mtupu,
humwoni hata ngamia mpaka akupumulie shingoni.
Usiku mmoja alimwita Msallam wa Bidiya.
Akamwita tena.
Haya alinisimulia mara moja tu, jikoni, akimenya thomu,
na alipofika "mara ya tatu"
akaomba kisu chenye makali zaidi.

Nishani aliitia kwenye bakuli la halwa lililokwisha,
pamoja na vifungo, sindano,
na jino langu la kwanza kung'oka.

Kuita majina hakuacha.
Kila usiku baada ya isha alisimama ukumbini,
mkono mmoja ukutani:
Zuwena? Thuwaini? Ghaniya? Asila?
Nasi vyumbani, chini ya mablanketi: hadhir, hadhir.
Mama alinung'unika: "Bwana we, hapa si kambini.
Watoto wana lugha yao."
Basi tukabadili, tukasema: nipo.
Tulipohamia Sohar, Maskati, Abu Dhabi,
aliita kwa simu, sauti ile ile kavu,
na ole wako ulale hujajibu.
Thuwaini alijibu kutoka juu ya winchi, bandarini,
upepo ukimla maneno.

Mwaka ule mama alipolazwa
mikono iliyounga nyaya ilisuka kichwa changu.
Mistari ilikwenda kombo.
Mwalimu akauliza, nani kakusuka?
Nikasema, askari.

Alikufa mchana wa Alhamisi,
tende mkononi, kokwa bado imo.
Tulimzika kabla ya magharibi.
Baada ya isha, ukumbini, hakuna aliyesema kitu.
Simu nne mezani, vioo juu.
Tukaziangalia
kama watu wanaongoja chai kwenye nyumba ya wageni.

Jumanne niliamka mimi.
Kaka yuko zamu yake, mashemeji hawajui jembe.
Nikavaa viatu vyake vya mpira, vikubwa, vinapwaya,
nikashika tochi. Mbwa wa jirani alinibwekea,
kisha akanusa viatu, akaniacha.
Maji yalikuja mapema, ya baridi,
yakiburura majani na kipande cha sabuni cha mtu wa juu.
Nikafungua mfereji kama alivyotufundisha:
jiwe kwanza, tambara baadaye,
usifanye haraka, maji hayana adabu.

Ng'ambo ya ukuta alikuwapo Sulaiyam,
ambaye zamu yake hufuata yetu.
Macho yake hayaoni tena; siku huzijua kwa sauti.
Alikuwapo mazikoni, alishika jeneza, alilia.
Akaita, hata hivyo, kama alivyoita miaka thelathini:
"Harub?"

Mndimu ulikuwa umeshaanza kunywa.
Matope yalinifika magotini.
Nilitaka kumwambia, mzee, umesahau.
"Nipo," nikasema.
Na yeye, asiyejua Kiswahili ila neno hilo,
alikohoa kidogo,
akagonga fimbo yake mara moja juu ya jiwe,
akaendelea kungoja maji yake.